Nani Amvishe Fundi Kilemba?

Katika lugha yetu neno kilemba lina maana zaidi ya kitambaa kinachozungushwa kichwani. Katika mila za watu wa pwani, kilemba ni pia ile ada ambayo mwanafunzi wa ufundi alimpa fundi wake alipohitimu. Kwa ada hiyo watu walikiri kwamba kuijua kazi ni jambo moja, na kutambuliwa na wale wanaoijua kazi hiyo ni jambo jingine. Lakini lugha hiyo hiyo ina usemi mwingine unaotuonya: kumvisha mtu kilemba cha ukoka, yaani kumpamba kwa sifa zisizo za kweli, sifa za majani yatakayonyauka kabla ya jua kutua. Wazee wetu, basi, walitambua kwamba kuna kilemba cha haki na kuna kilemba cha ukoka, na kwamba kwa mtu anayetazama kutoka mbali vyote viwili hufanana.

Madhumuni ya insha hii ni kulitazama suala hilo kwa upande wa uchoraji. Mchoraji anapokubaliwa na chama cha wachoraji wenzake, ni kitu gani hasa kinachotendeka? Je, chama ndicho kinachomfanya awe mchoraji? Au hushuhudia tu jambo ambalo lilikuwa kweli hata kabla ya wanachama kupiga kura? Na ikiwa chama ni shahidi, je, shahidi huyo anawajibika vipi anaposhuhudia uongo, au anaponyamaza pale anapopaswa kusema?

Yafaa tuanze kwa kuwataja mahakimu wa mchoraji. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Yeye ndiye anayejua alichokusudia na mahali aliposhindwa. Lakini kinyozi hajinyoi, na mapenzi ya mtu kwa kazi ya mikono yake humtia upofu. Wa pili ni mnunuzi. Huyu hutoa fedha, na bila ya fedha mchoraji hawezi kupata rangi wala unga. Hata hivyo mnunuzi anaweza kuichagua picha kwa sababu inalingana na viti vya sebuleni mwake. Wa tatu ni umma. Picha isiyomgusa mtu yeyote ni kama barua isiyofunguliwa, na kwa hiyo hukumu ya wananchi haiwezi kupuuzwa. Ila mara nyingine umma husifu habari iliyochorwa bila ya kuuona uchoraji wenyewe. Wa nne ni mafundi wenzake. Hao peke yao ndio wanaojua kwamba mkono wa mtu ni mgumu kuchora kuliko uso, kwamba kivuli si rangi nyeusi tu, na kwamba mstari unaoonekana mwepesi umegharimu miaka ya kurudiarudia. Kwa sababu hiyo sifa ya fundi mwenzako ina uzito kuliko sifa nyingine zote.

Lakini hakimu huyu wa nne ana kasoro yake, tena kubwa. Yeye ni mshindani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na anayekaa katika kiti cha kuhukumu ufundi wa mwenzake aghalabu huwa anakihukumu pia chakula chake mwenyewe. Zaidi ya hayo, chama kikishakuwa na heshima, wanachama huanza kuilinda heshima hiyo kama vile mali ya urithi, na badala ya kuuliza, "Kazi hii ni njema?" huuliza, "Mtu huyu ni wa aina yetu?" Hapo ndipo swali la ufundi linapogeuka kuwa swali la maadili.

Historia ya chama kimoja mashuhuri inatuonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1768, kwa idhini ya Mfalme George wa Tatu, ilianzishwa mjini London Akademia ya Kifalme ya Sanaa, ikiwa ni chama cha wachoraji, wachongaji na wasanifu wa majengo. Rais wake wa kwanza alikuwa mchoraji Joshua Reynolds. Miongoni mwa waasisi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache tu baadaye mchoraji Johan Zoffany aliwachora wanachama wa Akademia wakiwa wamekusanyika katika chumba cha mafunzo kumzunguka mwanamume aliye uchi anayechorwa. Wanaume wote wamesimama au wameketi wakizungumza. Lakini Kauffman na Moser hawamo chumbani. Wamo ukutani, kama picha mbili za sura zilizotundikwa, kwa kuwa haikuwa adabu kwa mwanamke kumtazama mtu wa namna hiyo. Waasisi wawili wa chama waligeuzwa pambo la chumba cha chama chao. Na baada ya hao wawili, Akademia haikumchagua mwanamke mwingine yeyote kwa zaidi ya miaka 150.

Je, ni kwa sababu hapakuwa na wanawake waliojua kuchora? Hapana. Mwaka 1874 katika maonyesho ya Akademia ilitundikwa picha ya Elizabeth Thompson iliyowaonyesha askari wa Uingereza wakiitwa majina katika theluji baada ya mapigano ya vita vya Krimea. Mchoraji hakuonyesha ushindi wala majemadari juu ya farasi wanaoruka. Alionyesha safu ya watu waliochoka, wengine wamejeruhiwa, mmoja ameanguka. Watu walisongamana mno mbele ya picha hiyo hata ikabidi awekwe polisi wa kuilinda, na hatimaye ikaingia katika mali ya Malkia Victoria. Mwaka 1879 jina la mchoraji huyo lilipigiwa kura ili awe mwanachama mshiriki wa Akademia. Alikosa kwa kura mbili. Alifariki mwaka 1933 bila ya kupata uanachama.

Hebu tuzitafakari kura hizo mbili. Je, zilipokosekana, picha ile ilipungukiwa na nini? Hata tone moja la rangi halikutoka. Askari waliochoka walibaki wamechoka vilevile, na theluji ilibaki theluji. Kama zingepatikana, picha isingeongezeka uzuri hata kidogo. Kilichobadilika kwa kura zile si mchoraji, bali ni chama. Leo tukiisoma habari hii hatuulizi kama Elizabeth Thompson alistahili kukaa pamoja na wajumbe wale. Tunauliza wajumbe wale walikuwa watu wa namna gani. Shahidi alisimama ili apime, akaondoka amepimwa yeye.

Lugha yetu inatusaidia kulielewa jambo hili. Tunasema mchoraji "ametambuliwa". Kutambua si kuumba. Mtu humtambua ndugu yake katikati ya umati wa sokoni kwa sababu ndugu huyo yupo, na alikuwapo kabla ya kutambuliwa. Ukipita mbele ya ndugu yako bila ya kumtambua, yeye haachi kuwa ndugu yako. Aibu ni ya macho yako. Kadhalika, ukimkumbatia mtu baki na kumwita ndugu, kumbatio lako halimpi damu ya ukoo wenu. Chama cha mafundi kinaweza kukosea kwa njia zote mbili: kumpita aliyemo na kumkumbatia asiyekuwamo. Makosa yote mawili ni ushahidi wa uongo.

Hata hivyo tusiende mbio na kusema kwamba, maadam kutambuliwa hakuongezi ufundi wa kazi iliyokwisha kufanywa, basi hakuna maana yoyote. Mwenye kusema hivyo aghalabu ni yule ambaye hajawahi kunyimwa. Chama cha mafundi hakigawi heshima tu. Hugawa pia elimu, mahali pa kuonyesha kazi, na kwa njia hiyo, riziki. Tazama mfano huu. Mwaka 1860 mwanamke aitwaye Laura Herford alipeleka michoro yake ili aombe nafasi katika shule za Akademia ile ile ya London. Hakuandika jina lake kamili, bali herufi ya kwanza tu pamoja na jina la ukoo. Wahukumu waliiona michoro, wakaridhika, wakatoa nafasi; kisha ndipo walipogundua kwamba wamempokea mwanamke. Mlango uliokuwa umefungwa mbele ya mtu ulifunguka mbele ya kazi. Lakini hata baada ya mlango huo kufunguka, wasichana waliendelea kuzuiwa kuchora mwili wa mtu hai hadi mwaka 1893, na hapo ni kwa masharti ya kwamba anayechorwa asivuliwe nguo zote. Kisha watu wale wale waliowanyima mafunzo hayo waliweza kusema kwamba wanawake hawajui kuchora miili ya watu! Huu ni udhalimu wa kumfunga mtu miguu na kisha kumcheka kwamba hajui kukimbia.

Mchoraji Laura Knight aliyapitia hayo katika ujana wake katika chuo cha sanaa cha mji wa Nottingham. Mwaka 1913, akiwa sasa fundi kamili, alijibu kwa brashi. Alijichora yeye mwenyewe akiwa kazini, brashi mkononi, akimchora mwanamke aliye uchi. Akademia ilikataa kuionyesha picha hiyo. Annie Swynnerton alipochaguliwa kuwa mwanachama mshiriki mwaka 1922, alikuwa na umri wa miaka 78. Knight naye alichaguliwa kuwa mshiriki mwaka 1927, na mwaka 1936 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama kamili. Picha iliyokataliwa mwaka 1913 sasa imo katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri mjini London. Na Akademia yenyewe haikupata rais mwanamke hadi mwaka 2019, alipochaguliwa Rebecca Salter.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ya mambo haya ni kuvipa vyama kisogo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mchoraji na achore, na kazi yake ijisemee. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo soko liko wazi kwa wote. Lakini chema hakiwezi kujiuza ikiwa kimefungiwa stoo. Wachoraji wa Ufaransa walilijua jambo hilo. Mwaka ule ule wa 1874, Claude Monet, Berthe Morisot na wenzao, waliochoshwa na hukumu za maonyesho rasmi ya Paris, waliamua kujitenga. Je, kila mmoja alikwenda nyumbani kwake kuchora peke yake? La hasha. Waliunda chama chao wenyewe, wakachanga fedha, wakakodi mahali, wakaonyesha kazi zao. Kabla ya mwaka huo kumalizika chama hicho kilivunjwa kwa sababu ya madeni, lakini maonyesho yao yaliendelea kwa miaka kadhaa. Hata waliokataa hukumu ya chama walihitaji chama. Binadamu hafanyi kazi ya kudumu bila ya wenzake. Kwa hiyo swali si kama tuwe na vyama vya mafundi au tusiwe navyo. Swali ni vyama hivyo vishuhudie vipi.

Swali hilo linatuhusu hapa petu, wala si habari ya ng'ambo tu. Uchoraji wa kufundishwa darasani uliingia Afrika Mashariki pamoja na mahakimu wake. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell, mwanamke Mwingereza aliyekuwa amesomea Chuo cha Slade cha London. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, ambaye naye alikwenda Slade katika miaka ya 1950 na baadaye akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Ntiro alipata shahada, alipata maonyesho London, na picha yake ya mwaka 1956 inayowaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Jambo la kusifiwa kwake ni kwamba, pamoja na kutambuliwa na mahakimu wa mbali, aliendelea kuchora migomba, mashamba na kazi za pamoja za watu wa Kilimanjaro. Hakuchora ili afanane na waliomtunuku.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye hakuwa na shahada wala hakimu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932. Alipokuwa Dar es Salaam, mnamo mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao bapa wa kujengea, na picha zake zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores huko Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki. Alichora kwa miaka michache tu. Kwa muda mrefu baadhi ya wasomi waliziita kazi za namna yake picha za watalii, wala hawakuona haja ya kuzichunguza. Hapakuwa na chama kilichomvisha kilemba.

Waliomtambua ni ndugu na vijana aliowafundisha. Walimtambua kwa njia ya zamani kabisa, yaani kwa kuishika kazi na kuiendeleza, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika chenye jina lake. Tuone jinsi mpangilio ulivyogeuka. London, chama kilikuwapo kwanza, na mchoraji aliomba heshima ya jina la chama. Dar es Salaam, mchoraji alikuwapo kwanza, na chama kikaomba heshima ya jina la mchoraji. Jambo hili linakubaliana na mila tuliyoitaja mwanzoni: kilemba kilitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa fundi. Lilikuwa deni linalolipwa, wala halikuwa hisani inayogawiwa.

Lakini hapa napo pana hatari yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jina kubwa likishakuwa mali ya wengi, ni rahisi kila ubao wenye twiga na rangi kali kuuzwa kwa jina hilo, hata kama aliyeuchora amenakili tu ubao wa jirani yake. Chama kisichoweza kumwambia mwanachama wake, "Kazi hii bado," hakimsaidii, na wala hakimheshimu marehemu ambaye jina lake kinalitumia. Kumpokea kila mtu bila ya kuitazama kazi yake ni kugawa vilemba vya ukoka. Kumkataa mtu kwa sababu ya jinsia yake, kabila lake, dini yake au kukosa kwake cheti ni kumvua fundi kilemba chake cha haki. Chama chenye maadili hupita baina ya makosa hayo mawili, na njia hiyo ni nyembamba.

Tukiyakusanya tuliyoyasema, tunaweza kuona masharti matatu ya kutambua kwa haki. Kwanza, kazi itazamwe kabla ya mtu, kama ilivyotokea bila ya kukusudiwa mwaka 1860. Pili, anayekubali na anayekataa atoe sababu zake hadharani, kwa maneno ambayo mwombaji anaweza kuyapima na kuyajibu. Kura ya siri isiyo na sababu ni maficho mazuri ya husuda. Tatu, anayetambuliwa ajue kwamba amepewa dhamana. Aliyevishwa kilemba leo ndiye atakayeketi kesho kuwahukumu wengine, na vijana watamjia na michoro yao mikononi. Akiwafungia mlango aliofunguliwa yeye, atakuwa ameithibitisha hukumu ya wale waliodai kwamba hakustahili kuingia.

Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria, na wasanii wanavyo vyama vyao. Lakini chama cha kwanza ambacho kijana mwenye kipawa hukutana nacho hakina katiba wala muhuri. Ni darasa lake. Mwalimu anayepita baina ya madawati na kuona mchoro pembezoni mwa daftari la hesabu ana uamuzi wa kufanya papo hapo. Anaweza kumwadhibu mwanafunzi kwa kupoteza wakati. Anaweza kumsifu ovyo ili ampendeze. Au anaweza kuinama, kuutazama mchoro kwa makini, na kumwambia kwa ukweli kwamba shingo ya ng'ombe huyu ni nzuri lakini miguu yake haibebi uzito. Wanafunzi nao wana wajibu uo huo baina yao, kwa kuwa mzaha wa wenzake darasani umemfanya kijana mmoja baada ya mwingine aiweke penseli chini.

Hatutaweza kujua ni wachoraji wangapi waliopotea kwa kupitwa na macho ya ndugu zao. Tunachoweza ni kuyazoeza macho yetu kutambua: kusema kweli juu ya kazi iliyo mbele yetu, njema au dhaifu, bila ya kuuliza kwanza ni ya nani. Taifa linalotaka kuwa na utamaduni wake halina budi kujifunza tendo hilo, na mahali pa kulijifunza ni karibu, katika daftari la mwanafunzi aliyeketi dawati la nyuma.